Mwamba Una Wenyewe

Liko neno ambalo wasafiri wengi huliamini, na ambalo vijana wetu nao wameanza kulisema bila ya kulipima. Neno lenyewe ni kwamba mwamba hauna mwenyewe. Shamba lina mwenyewe, ng'ombe ana mwenyewe, hata mti wa matunda una mwenyewe. Lakini jabali lililosimama peke yake nyikani, watu hao husema, ni mali ya yeyote mwenye nguvu za kulikwea, na atakayetangulia kufika juu ana haki ya kulipa jina. Nakusudia kulipinga neno hili. Nalipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa limekwisha kuwadhuru watu ambao kosa lao lilikuwa moja tu, nalo ni kukaa mahali palipodhaniwa kuwa hapakai mtu. Nakuomba, msomaji, unifuate mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Kabla ya kulaumu, ni wajibu kusifu kile kinachostahili sifa. Wako wazee wasemao kuwa kukwea miamba ni upuuzi wa watu walioshiba, na kwamba mwenye akili hawezi kuhatarisha shingo yake kwa ajili ya kufika mahali pasipo na maji wala kuni. Mimi si wa kundi lao. Mkweaji hujifunga mkanda kiunoni na mapajani, kamba ikafungwa kwenye mkanda huo, na mwenzake akasimama chini akiishika kamba ile na kuilegeza kidogo kidogo. Wa juu akiteleza, uhai wake umo mikononi mwa wa chini. Katika njia nyingine vyuma vimepigiliwa mwambani ili kamba ipitishwe ndani yake. Katika mawe yasiyokuwa marefu sana watu hukwea bila ya kamba, wakiwa wametandika magodoro chini, na viganja wamevipaka unga mweupe wa chaki ili jasho lisiwatelezeshe. Huo ni mchezo wa subira, hesabu na uaminifu. Mwamba haupokei hongo wala haumjui mtoto wa tajiri. Wala asidhani mtu kuwa ni mchezo wa Wazungu peke yao: Uhuru wetu ulipoingia, Desemba 1963, alikuwa Kisoi Munyao, mwana wa nchi hii, aliyeipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya.

Basi siupigi vita mchezo. Naipiga vita dhana iliyojificha ndani yake. Na ili maneno yangu yasiwe ya hewani, nitauchukua mji mmoja unaojulikana sana na wakweaji wa dunia, niueleze jinsi ulivyo, na tuone kama miamba yake kweli haina wenyewe.

Mji huo ni Bishop, katika jimbo la California, Marekani. Ni mji mdogo wa watu wasiofika 4,000, na kimo chake ni kama mita 1,260 juu ya usawa wa bahari. Umo ndani ya bonde refu lililobanwa na safu mbili za milima: Sierra Nevada upande wa magharibi, na White Mountains upande wa mashariki. Safu zote mbili zina vilele vipitavyo mita 4,000. Mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki huitua mizigo yake juu ya Sierra Nevada, na upepo unaposhuka upande wa pili huwa umekauka. Kwa sababu hiyo mvua ya Bishop haifiki milimita 150 kwa mwaka, kiasi kidogo kuliko kile cha Lodwar. Kaskazini ya mji limelala tambarare la mawe lililotokana na mlipuko wa volkeno wa miaka ipatayo 760,000 iliyopita, na Mto Owens umelipasua tambarare hilo ukafanya korongo lenye kuta ndefu. Magharibi, chini ya Sierra, yametawanyika majabali yaitwayo Buttermilk, mengine yakiwa marefu kama nyumba za ghorofa. Baridi inapoanza na jua kupoa, wakweaji huja huko kutoka pembe nyingi za dunia.

Ukivifungua vitabu vya wakweaji utaona kuwa kila njia ya mwambani imeandikwa jina lake, kiwango cha ugumu wake, na jina la mtu wa kwanza kuikwea. Desturi hii ina faida, maana humwonya mgeni asijaribu yaliyo juu ya uwezo wake. Walakini ina sumu ndani yake kwa asiyejihadhari. Humfundisha msomaji kuwa habari za mwamba zilianza siku ile mkweaji alipoufikia, na kwamba kabla ya siku ile palikuwa na upepo na mijusi tu. Hapo ndipo nilipo na ugomvi.

Bonde la Bishop lina wenyewe. Wenyewe hao ni Wapaiute, na jina walilolipa bonde lao ni Payahuunadü, maana yake mahali pa maji yatiririkayo. Walichimba mifereji kutoka katika vijito vya milimani, wakainywesha mimea ya mwituni iliyowapa chakula. Juu ya miamba ya tambarare lile wahenga wa bonde walichonga michoro, na kizazi cha leo huiheshimu kama kitu kitakatifu. Je, watu waliochimba mifereji na kuchonga mawe waweza kuitwa watu wasiokuwako?

Waliitwa hivyo. Mwaka 1845 msafiri John C. Frémont alilipa bonde jina la Owens, kwa heshima ya mwenzake Richard Owens, mtu ambaye hakupata kulitia mguu wake. Mji nao ukachukua jina la Samuel Bishop, mfugaji aliyefika na ng'ombe wake mwaka 1861 na kuondoka baada ya miaka michache. Tazama ajabu hii: bonde lina jina la mtu asiyeliona, na mji una jina la mtu asiyekaa, lakini jina la waliozaliwa na kuzikwa humo halikuwekwa katika ramani. Mwaka 1863 askari waliwaswaga karibu Wapaiute 1,000 kwa miguu mpaka ngome ya Fort Tejon, na wako waliokufa njiani. Wengi walirudi baadaye, kwa kuwa mtu hasahau kwao.

Maji nayo yakafuata njia ya majina. Mwaka 1913 ulifunguliwa mfereji wa urefu wa kilomita zipatazo 375 kuyapeleka maji ya bonde katika jiji la Los Angeles, na kufikia mwaka 1926 Ziwa Owens lilikuwa limekauka. Mahali pa maji yatiririkayo pakawa mahali pa vumbi. Mwaka 1912 serikali ilikuwa imewatengea Wapaiute wa bonde hilo ekari zipatazo 67,000. Mwaka 1932 amri ile ikafutwa, na kabla ya muongo ule kwisha yakafanyika mabadilishano ya ardhi yaliyowaachia Wapaiute wa Bishop ekari 875. Nakuomba uzitazame hesabu hizi mbili kwa utulivu, uone kilichobaki katika kiganja cha mwenye nyumba.

Utaniambia kuwa wakweaji hawakuyatenda hayo. Ni kweli, hawakuyatenda. Waliokwea Buttermilk hawakuchimba mfereji wala hawakuwaswaga watu. Kwa nini basi nayataja? Nayataja kwa sababu aliyechukua maji, aliyechukua ardhi na anayesema kuwa mwamba hauna mwenyewe wote wamepita katika mlango mmoja, na mlango huo umeandikwa: hapa hapana mtu. Neno jangwa, msomaji, lichunguze vizuri kila unapolisikia. Kwa mjuzi wa ardhi ni neno la kupima mvua. Kwa mwenye tamaa ni neno la kufuta watu. Mahali pakiitwa patupu mara nyingi, yuko mtu anayejitayarisha kupachukua.

Yaliyotokea mwaka 2012 yanaonyesha mwisho wa dhana hii. Mwaka huo wezi walifika katika tambarare la Bishop wakiwa na ngazi na misumeno ya mashine, wakakata vipande vya mwamba vyenye michoro ya kale ambayo yakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000. Waliharibu hata ile michoro ambayo hawakuweza kuichukua. Mapema mwaka 2013 vipande vilivyoibwa vilipatikana, lakini mwamba uliokatwa hauwezi kushonwa kama kanzu iliyochanika. Sisemi kuwa wezi wale walikuwa wakweaji. Nasema kuwa waliona jiwe pale ambapo wengine huona sala, na jiwe, kwa fikira zao, halina mwenyewe.

Katika mwaka 2021 jambo jingine lilitokea katika jimbo la Utah, karibu na Moab, mji mwingine wa jangwa la juu unaopendwa na wakweaji. Mkweaji mmoja alipigilia vyuma vya kamba katika mwamba wenye michoro ya wenyeji wa kale. Huyu hakuwa mwizi wala mtu mbaya. Alipolaumiwa aliomba radhi mbele ya watu wote, akarudi akavitoa vyuma na kuziba matundu. Na udhuru wake ulikuwa nini? Alidhani michoro ile ilikuwa maandishi ya wapita njia wa siku hizi. Udhuru huu unatufaa kwa mafunzo, kwa maana unatushitaki sote. Watu wa sasa wameyachafua mawe kwa majina yao kiasi cha kwamba neno la mhenga aliyelala miaka elfu na neno la mvulana aliyepita jana haviwezi tena kutenganishwa kwa mtazamo wa haraka.

Sasa nisikilize hoja za wapinzani wangu, kwani si haki kupigana na mtu aliyefungwa mdomo.

Wa kwanza husema: mwamba ni mgumu, na vidole vya binadamu ni laini, mwamba wadhurika nini? Huyu hajautazama mwamba kwa karibu. Uso wa mawe ya jangwani hufunikwa na ngozi nyembamba ya rangi ya kiza ambayo huchukua maelfu ya miaka kujijenga. Wachongaji wa kale waliibandua ngozi hiyo ili rangi nyepesi ya ndani ionekane, na hiyo ndiyo michoro yenyewe. Kiatu kinachosugua, chuma kinachopigiliwa na mkono wenye chaki vyaweza kuharibu kwa siku moja kazi ambayo jua na vumbi hazitairudisha katika maisha ya wajukuu wetu. Tena yako mawe ya mchanga ambayo hulainika yakinyeshewa, na mtu akiyakwea kabla hayajakauka humeguka chini ya vidole vyake. Ugumu wa mwamba ni wa kuhimili wakati, si wa kuhimili mamilioni ya mikono.

Wa pili husema: ardhi ya serikali ni ya watu wote, na kilicho cha wote hakiwezi kuwa kitakatifu kwa baadhi. Hoja hii ina sura nzuri na tumbo tupu. Barabara ni ya watu wote, lakini msiba unapopita watu huteremka katika baiskeli na kuvua kofia. Hawafanyi hivyo kwa kuwa barabara ni ya wafiwa, bali kwa kuwa wao ni watu. Heshima haimnyang'anyi mtu haki yake; huonyesha kuwa anajua kuitumia.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Husema: kama kila mwamba una wenyewe, basi funga yote, na mchezo huu ufe. Sikubali, na mifano iko. Kando ya Ziwa Tahoe, kaskazini ya Bishop, kuna mwamba uitwao Cave Rock ambao ni mtakatifu kwa Wawasho. Mwaka 2003 serikali iliamua kuwa usikwewe, wakweaji wakapeleka shauri mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya rufani ikaithibitisha amri. Katika jimbo la Wyoming mambo yalikwenda njia nyingine: tangu mwaka 1995 wakweaji wa mwamba wa Devils Tower huombwa, bila ya kulazimishwa, wasiukwee katika mwezi wa Juni, ambao ni mwezi wa ibada za makabila ya huko, na walio wengi huitika. Huko Australia, baada ya wenyewe kuomba kwa miaka mingi, ukweaji wa mwamba wa Uluru ulikomeshwa tarehe 26 Oktoba 2019. Maamuzi matatu, na kila moja lina kipimo chake. Kwingine mwamba ulifungwa, kwingine ulipumzishwa mwezi mmoja, na palipobaki wazi watu wanaendelea kukwea kwa furaha. Majabali ya Buttermilk hayajafungwa, wala sitaki yafungwe. Ninachotaka ni kwamba swali liulizwe kabla ya kamba kufungwa, na liulizwe kwa wenyewe.

Pengine sasa unajisemea moyoni kuwa hayo ni mambo ya Marekani. Rudi nami nyumbani. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna mnara wa jiwe ambao wakweaji wengi wa nchi hii hujifunzia. Katika ramani unaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamasai husimulia kuwa jiwe lile ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, naye akageuka nyuma kuwatazama wazazi wake, jambo alilokatazwa, akawa jiwe. Nakuuliza: ni yupi anayelijua jiwe lile zaidi, ni yule aliyepita mara moja, ama ni wale waliolitumia kuwafundisha mabinti wao uchungu wa kuondoka kwao? Na kama mwanafunzi wa Kenya anaijua habari ya Fischer lakini haijui habari ya binti yule, hasara hiyo ni ya nani?

Tazama na Mlima Kenya. Vitabu vinasema, na husema kweli, kuwa Halford Mackinder na wenzake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha Batian mwaka 1899. Mackinder alivipa vilele majina ya viongozi wa Kimasai, na kwa hilo alikuwa muungwana kuliko wengi. Lakini Wakikuyu waliouita mlima ule Kirinyaga walikuwa wakiuelekea katika sala zao muda mrefu kabla ya safari ile, na wapagazi waliobeba mizigo yake hawaonekani katika jina la kilele chochote. Huko Samburu umesimama Ololokwe, mlima wenye ukuta mkubwa wa jiwe, nao ni mtakatifu kwa Wasamburu. Karibu na Kisumu yamepangana mawe ya Kit Mikayi, ambayo jina lake la Kijaluo lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Katika nchi hii ni vigumu kuonyesha jabali kubwa lisilokuwa na jina, kisa na watu wake.

Basi neno langu la mwisho ni kwako wewe unayesoma katika dawati la shule. Nimeyaona majabali yetu mengi karibu na shule na barabara, na nimesoma yaliyoandikwa juu yake kwa rangi na kwa misumari: jina la mvulana, jina la msichana, jina la shule, na mwaka. Sijui mwandishi alitaka nini, lakini najua alichosema. Alisema kuwa mahali pale palikuwa patupu mpaka yeye alipofika. Alilirudia, kwa mkono wake mweusi na kwa rangi ya duka la jirani, neno lile lile lililomfukuza Mpaiute katika bonde lake. Mtoto wa nchi iliyowahi kuitwa tupu na wageni hapaswi kuwa mtu wa kulirudia.

Kwea, kijana. Jifunze kufunga fundo lisilofunguka, na kushika kamba ya mwenzako bila ya kutazama pembeni. Lakini kabla hujaweka kidole mwambani, mtafute mzee wa mahali pale, umwamkie kwa adabu, umwulize jiwe lile linaitwaje na lina habari gani. Akikwambia usilikwee, ondoka bila ya manung'uniko. Majabali mengine yako. Akikuruhusu, panda, ufurahie upepo wa juu, kisha shuka na taka zako zote, bila ya kuacha rangi, msumari wala jina. Na utakaporudi shuleni, wenzako wakikuuliza umefika wapi, waambie jina la mwamba ule kama wenyewe wanavyolitamka.